Ngazi ya Tangi la Isambya

Kalamu haipandi ngazi. Mmeisikia leo karakanani kwa mwalimu wenu, mkacheka, mkadhani ni kejeli ya mafundi kwa watu wa ofisini. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Kaeni niwaambie, maana mimi Mihayo nilikuwapo ilipozaliwa, na sina sifa yoyote ndani yake.

Pale Isambya tulikuwa na tangi la maji la chuma, limesimama juu ya miguu minne mirefu, na bomba la kuchotea lilikuwa hapo hapo chini yake. Kila mwaka mhandisi wa maji alipaswa kupanda, akague nati, kutu, na vyuma vya mshazari vilivyofunga miguu ile, kisha atie saini kwamba amepanda na kuona kwa macho yake. Mhandisi wetu aliitwa Lugendo. Huyo bwana hakula rushwa hata ya soda. Mkandarasi mmoja alimpelekea mbuzi wa sikukuu, naye akamrudisha mwenyewe kwa miguu, akimvuta kamba barabarani mchana kweupe. Tangu hapo, alichosema Lugendo hakuna aliyekipima mara ya pili.

Lakini aliwahi kuteleza kwenye mnara mwingine, akaning'inia kwa mkono mmoja mpaka tulipomfikia, na baada ya siku ile hakuweza kupanda hata darini. Aliona aibu kusema. Mficha uchi hazai, naye aliuficha. Kwa hiyo nilipanda mimi, fundi wake wa kuchomelea, nikashuka nikamweleza niliyoyaona, naye akaandika kuwa amepanda yeye. Tulifanya hivyo miaka mitano. Mimi niliita heshima. Ulikuwa uongo, na niliubeba pamoja naye.

Mwaka wa sita mama yangu alifariki, nikaenda kijijini kwenye matanga. Siku ya ripoti ikafika sipo. Lugendo angeweza kumtuma fundi mwingine, lakini huyo angemuuliza mbona hupandi mwenyewe. Akaketi mezani pake, akanakili ripoti ya mwaka uliopita, akabadilisha tarehe.

Hakujua kwamba mwezi mmoja kabla, wezi wa vyuma chakavu walipita na msumeno. Walikata kipande cha juu cha ngazi, wakachukua na vyuma viwili vya mshazari. Bi Nyamizi, mama mtu mzima aliyeuza uji karibu na bomba, aliinua macho akaona pengo. Akaenda ofisi ya maji. Karani alimsikiliza vizuri tu, akafungua faili.

"Mama, mhandisi amekagua juzi. Kaandika hapa, ngazi nzima, vyuma vyote vipo."

"Lugendo mwenyewe ndiye kaandika?"

"Mwenyewe. Saini yake hii."

"Basi labda ni uzee wa macho yangu," alisema Bi Nyamizi, akarudi kwenye uji wake.

Wiki haikuisha. Tangi lilianguka asubuhi, watu wamejipanga na ndoo zao. Walikufa kumi na mmoja. Kashindye, binti wa pekee wa Bi Nyamizi, alikuwa wa tatu kwenye foleni. Mama yake ndiye aliyemtuma maji.

Kwenye uchunguzi nilikuwa nimesharudi. Wezi walikuwa wamekamatwa na kutaja siku waliyokata. Mwenyekiti alisoma ripoti kwa sauti: "Nimepanda mpaka juu. Vipago vyote vya ngazi ni vizima." Akamuuliza Lugendo alipandaje ngazi ambayo haikuwapo. Kabla hajajibu, Bi Nyamizi akaomba kusema.

"Baba mhandisi, sikuja kukutukana. Nataka kujua tu. Ulipanda?"

"Sikupanda, mama."

"Nani alipanda?"

"Hakuna. Niliandika tu."



"Mimi niliona lile pengo," akasema Bi Nyamizi. "Nikayakatalia macho yangu kwa sababu ni wewe uliyeandika. Angeandika mtu mwongo, mwanangu nisingemtuma. Kumbe kalamu haipandi ngazi."

Akaketi.

Lugendo alifungwa. Mimi sikuulizwa lolote. Nilitaka kusimama niseme habari ya ile miaka mitano, lakini nikabaki kwenye benchi nikitazama mgongo wa yule mama. Ndiyo maana nawaambia ninyi. Mtapewa fomu imeandikwa "nimepanda, nimeona". Usipopanda, andika hukupanda, hata kama ni kwa woga. Watakucheka, na aibu haiui mtu. Tuliloficha sisi liliua kumi na mmoja.

Kalamu haipandi ngazi.