Kaniki Yenye Miiba

Mtoto akiondoa mkono, weka wako. Methali hiyo mmeisikia leo hitimani, na sasa mnataka kujua nani aliyeisema kwanza. Kaeni, niwaeleze ilivyozaliwa.

Kwenye kijiji cha wakata katani, alikoolewa bibi yangu, waliishi Siwema na mumewe Mbaruku. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Zamda. Mtoto huyo alikuwa na mambo yake. Mkeka hakuukanyaga, aliuzunguka. Bamia ikimgusa ulimi, alitapika. Akivishwa gauni jipya alilivua njiani, akarudi uchi analia kama aliyevamiwa na siafu. Watu walisema ni deko. Siwema alimchapa, maana aibu nayo ina fimbo yake.

Mbaruku hakumchapa. Kila asubuhi alilichukua gauni la mtoto akaligeuza, mishono ikakaa nje, ndipo akamvisha. Zamda akatulia.

"Baba Zamda, mtoto utamfanya kichekesho," Siwema alimwambia.

"Na wacheke. Wao hawalivai."

Kisha Mbaruku akafa, homa ya siku mbili tu.

Siwema akaingia eda. Kwa desturi ya pale, dada wa marehemu ndiye aliyemshonea mjane kaniki. Vipande viwili viliungwa kwa uzi wa katani, na mshono ulikaa nje, kifuani, ili kila aingiaye auone msiba. Haikufuliwa wala kuguswa na mkasi mpaka eda iishe. Hadia, dada yake Mbaruku, aliishona mwenyewe huku machozi yakimdondoka.

Siwema alipoivaa tu, Zamda alimkimbilia akamkumbatia. Papo hapo akaruka nyuma kama aliyeshika kaa la moto. Tangu hapo hakumsogelea tena. Alikaa mlangoni, mgongo kwenye mwimo, akimtazama mama yake bila kupepesa.

Siku ya saba wanawake walikusanyika kwa dua. Siwema akanyoosha mikono. "Njoo, mama."

"Sitaki. Una miiba."

Uradi ukakatika. Hadia akauliza polepole, "Miiba gani, mwanangu?"

"Ya kifuani." Mtoto akaitazama kofia ya marehemu, iliyokuwa bado kwenye msumari ukutani. "Mwiteni baba aigeuze."

Ndani hamkuwa na upepo, lakini wawili waliapa baadaye kwamba kofia ile ilitikisika. Mmoja alikusanya ushungi wake akatoka bila kuaga.

Jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa na neno moja: mtoto anamwona baba yake, na marehemu amesimama kati yake na mama, kwa sababu mama anajua kilichomuua.

Hadia alikuja kesho yake, hakuketi. "Wifi, sikuhukumu. Lakini wazee wamesema, siku ya arobaini watakuja, na mtoto nitaondoka naye mimi. Wewe eda ikiisha, rudi kwenu."

"Nimefanya nini, wifi?"

"Muulize marehemu unayekaa naye humu."

Baada ya hapo Siwema mwenyewe alianza kuogopa. Alipoinama kuchota maji mtungini aligeuka nyuma kwanza. Aliposwali hakutaka kutoa salamu upande wa ukuta wenye kofia. Siku zikaenda.

Siku ya thelathini na tisa, baada ya alasiri, alikuwa bado juu ya msala. Zamda akaja kwa kutambaa. Alimtaka mama yake, jamani, siku zote hizo alimtaka! Akanyoosha mkono taratibu mpaka kifuani, akagusa, akauondoa.

Siwema hakumkemea wala hakulia. Akaweka kiganja chake palepale vilipogusa vidole vya mtoto. Hakusikia kitu, maana kiganja chake kilikuwa cha jembe. Akakinyanyua kitambaa, akakilaza shavuni. Nyuzi za katani zilikuwa zimesimama kama nywele za paka aliyetishwa.

Ndipo akamwona Mbaruku, kama alivyokuwa kila asubuhi, gauni mikononi, na neno la mtoto likamrudia. Mwiteni baba aigeuze.

Akasimama, akaivua kaniki, akaigeuza, akaivaa tena, mshono ndani. Hadia alimkuta akiifunga.

"Wifi! Unageuza msiba?"

"Mungu amenikataza pambo. Mshono ukae wapi, hakusema."

"Utakuchoma!"

"Na unichome mimi. Iliyobaki ni miezi mitatu."

Zamda akagusa kwa kidole. Akaweka kiganja. Halafu akaweka shavu, akafumba macho. Hadia akaingiza mkono wake ndani ya kaniki, akaupapasa mshono alioushona mwenyewe, akaketi chini.

Kesho yake wazee walikuja kumchukua mtoto. Walimkuta amelala kifuani kwa mama yake, na Hadia kasimama mlangoni.

"Haendi popote," akasema. "Mtoto akiondoa mkono, weka wako. Sisi tuliweka midomo."

Siwema aliishi hivyo hata baada ya eda. Zamda akikataa kitu, naye alikigusa. Mara nyingi hakusikia chochote, si kwenye mkeka wala kwenye bamia. Hata hivyo hakumlazimisha tena.

Kuhusu ile kofia, bibi yangu alisema hivi tu. Siku hiyo ya arobaini Hadia aliitungua msumarini ili akaitoe sadaka, akaikuta imegeuzwa, mishono nje. Hakuna aliyekiri kuigusa. Mungu ndiye ajuaye.

Ninalolijua mimi ni hilo moja, wajukuu zangu: mtoto akiondoa mkono, weka wako.