Bustani Iliyonyweshwa Tabasamu

Hapo zamani, katika mji wa Vianga, alitawala Sultani Hamdani, mtu asiye katili ila mpenda kusifiwa. Na kupenda kusifiwa si dhambi kubwa, wengi wetu tunako, ila hatujapata wa kutusifu. Sultani huyu alikuwa na mlumbi wake, Bwana Taufiki, ambaye kazi yake ilikuwa kumjibia kila aliyefika barazani na shida. Maneno ya Taufiki, waliokula naye waliyaita ufasaha. Wapita njia waliyaita mbwembwe. Na mahasidi walisema ni moshi wa ubani, wanukia lakini haupiki. Hapana aliyekosea sana.

Basi mwaka mmoja Sultani akapanda bustani ya waridi nyuma ya jumba lake, na mfereji uliokuwa ukishuka mlimani kwenda mashamba ya vitunguu ukageuzwa, ikawa maji yote yaishia kwenye waridi. Nyumba arubaini zilitegemea vitunguu vile. Wiki ya kwanza majani yakalegea, wiki ya pili yakawa manjano. Miongoni mwa wakulima alikuwako fukara mmoja, Machano, mwenye matuta sita na shati moja, ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa kila alichoambiwa alikishika vile vile kilivyosemwa.

Wakulima wakaenda barazani, wakasema, "Bwana wetu, tunaomba maji. Vitunguu vinakufa."

Taufiki akasimama, akakunja mikono ya kanzu yake, akasema, "Enyi watu wa udongo mwema! Nani aliyewaambia kuwa bustani ya Sultani yanywa maji? Mti wa mwituni ndio unywao maji. Waridi hizi zanywa tabasamu la Bwana wetu! Akizitazama asubuhi, zachanua. Akizitazama adhuhuri, zanukia. Maji ya mfereji hayaendi pale kunywewa. Yaenda kusalimu tu, kama mgeni apigaye hodi mlangoni pa mkubwa wake!"

Watu wakashangilia, mzee mmoja akafuta machozi, na Sultani akamtunuku Taufiki kilemba cha hariri. Wakulima wakashika njia ya kwao, wakikariri yale maneno kwa furaha, na walikuwa wamefika nusu ya safari ndipo mmoja akauliza, "Jamani, kwani tumepewa nini?"

Machano alipofika nyumbani, mkewe Mize alikuwa amesimama kizingitini.

"Haya, mume wangu, maji yako wapi?"

"Yamekwenda kumsalimu Sultani."

"Kumsalimu! Wiki mbili yanasalimu? Hata mkwe hasalimiwi hivyo!"

Machano akafikiri. "Umesema kweli, Mize. Zimetosha."

Akatwaa jembe, akapanda hadi penye panda ya mfereji, akaiziba kwa mawe na udongo njia ya kwenda jumbani, akaifungua ile ya mashambani. Kisha akaketi pale pale akingoja kukamatwa, na askari hawakukawia.

"Wewe ndiwe uliyefunga maji yangu?" akauliza Sultani.

"Ndimi, Bwana wangu."

"Umepata wapi ujasiri huo?"

"Hapa hapa barazani, Bwana. Nilisikia ya kuwa waridi zako hazinywi maji, zanywa tabasamu lako. Nawe ulikuwapo, ukatoa kilemba. Nikasema moyoni, Sultani hatunuku uongo."

Waziri akakohoa, akajutia kikohozi chake. Sultani uso ukamwiva, kwani akikana maneno yale amejivua sifa mwenyewe, na akiyakubali amejifunga. Akasema kwa hasira, "Vema! Kwa siku tatu bustani isipate tone la maji. Na ikinyauka, wewe na mkeo mtahama mji huu, na matuta yenu yatakuwa yangu. Zilinde waridi zangu kwa huo werevu wako!"

Machano akainama. "Nimesikia na kutii. Lakini tabasamu langu mimi halina nguvu; nimevitabasamia vitunguu siku kumi na nne, na vimekauka. Dawa iko usoni pako, Bwana. Nakuomba uje uzinyweshe, asubuhi na adhuhuri, kama alivyotufunza Bwana Taufiki."

Sultani akamgeukia mlumbi wake. Neno moja la kweli lingeyamaliza, lakini mtu aliyekwisha kupanda mnazi mbele ya kadamnasi huona haya kushuka. Taufiki akasema, "Kauli yangu ni ile ile, Bwana."

Ikawa siku ya kwanza Sultani akaketi bustanini, akatabasamu. Machano alikuwa nyuma yake kwa adabu zote. "Bwana wangu, ile ya pembeni bado hujaitazama. Na ile ndogo, masikini, imekaa kivulini, yataka tabasamu pana kidogo." Siku ya pili mashavu ya Sultani yakamuuma, akakandwa kwa kitambaa cha moto, akarudi kutabasamu. Na siku zote hizo maji yalikuwa yakishuka mashambani, na vitunguu vikiinua vichwa kimoja kimoja.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Mize alifika langoni na mzigo wake kichwani, mkeka, chungu na mbegu, tayari kuhama. Sultani, meno nje, akasema bila kufumba midomo, "Taufiki, mbona waridi zimeinama?"

"Zimekustahi, Bwana."

"Na zile zilizopukutika?"

"Bwana wangu," akadakia Machano, "hapana tone lililopita, nimelinda. Labda tabasamu la jana lilikuwa jembamba."

Taufiki akafungua kinywa. Akayatazama majani yaliyokauka, kisha akamtazama Mize na mzigo wake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta neno asilipate, na alipolipata lilikuwa dogo mno.

"Zina kiu, Bwana."

Sultani akashika mashavu yake kwa mikono miwili. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kweli, hata machozi yakamdondokea kwenye waridi, na hizo hazikuchanua.

"Mama, tua mzigo," akamwambia Mize. "Machano, umenitia adabu bila kunikosea adabu, na matuta yako ni yako. Bustani itapata maji Ijumaa; siku sita ni zenu. Taufiki, toka langoni ukawatangazie watu."

Taufiki akatoka, akasimama mbele ya wakulima waliokusanyika, akakunja mikono ya kanzu yake. "Enyi watu! Mfereji, ule mkufu wa fedha uliovishwa shingo ya mlima..."

"Taufiki!" akaita Sultani kutoka ndani.

Mlumbi akaishusha mikono ya kanzu.

"Maji yenu," akasema. "Siku sita. Nendeni mkamwagilie."

Na tangu aanze kulumba katika mji ule, hakuwahi kushangiliwa namna ile.