Mikono ya Fisi, Kiuno cha Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Sema wewe!

Pakawa maji, jamani. Maji juu, maji chini, mvua haijui kunyamaza. Mto ulifura, ukakimbilia maporomokoni, ukamtenga Nguchiro na wanawe watatu. Wao juu ya kichuguu katikati ya maji, yeye ukingoni, analia. Mtumbwi ulikuwa mmoja tu, wa Fisi. Na Fisi mnamjua.

"Nitakuvusha, mama," akasema Fisi. "Nauli yangu mtoto mmoja. Yule mnono."

Nguchiro moyo ulimkatika. Angefanyaje? Akashika kafi moja, Fisi akashika la pili.

Chubwi-chwaa! Chubwi-chwaa! Fisi alivuta kwa mikono tu, ile misuli yake ya kuringia. Nguchiro alikanyaga ubao kwa miguu, akazungusha kiuno, akalaza mgongo, mkono ukaja mwisho. Mtumbwi ukaruka.

Kufika kichuguuni, watoto wawili. Kitindamimba maji yalishamchukua. Nguchiro akaung'ata mdomo wake hadi damu.

"Aa, pole," akasema Fisi. "Lakini nauli ni ile ile."

Wakageuza. Chubwi-chwaa! Chubwi-chwaa! Fisi anahema.

"We kidudu, nguvu unazitoa wapi?"

"Mikononi, bwana mkubwa. Mwili ukicheza, nguvu zinamwagika. Mashujaa hufungwa kwenye ubao, wakatulia kama gogo."

"Mbona wewe unanengua?"

"Mimi dhaifu, bwana. Ningekuwa na mikono kama yako, ningehangaika hivi?"

Fisi kichwa kikamvimba. "Nifunge basi! Kaza!"

Nguchiro akachukua kamba ya mtumbwi, akamfunga kiuno kwenye ubao, akakaza. Akamfunga miguu, akakaza. Chubwi... chubwi... chu... Mikono ikamfa ganzi, kafi likamponyoka.

Nguchiro akawafikisha ukingoni peke yake. "Shukeni, wanangu!" Wakashuka. Naye akashuka, akausukuma mtumbwi kwa miguu, kwa kiuno, kwa mgongo, kwa mwili mzima. Chwaaa!

"Mama Nguchiro! Nifungue! Nauli nimesamehe!"

Maporomoko yalinguruma, na sauti ya Fisi haikusikika tena.

Nguchiro akaketi kwenye tope, mvua inamnyeshea. Aliwakumbatia wawili, na mikono yake bado ilikuwa inamtafuta wa tatu. Uchungu ule haukuisha hata maji yalipokauka.

Basi funzo ni hili, watoto: ukipiga kafi, tulia kama gogo, kiuno usikitikise hata kidogo. Fisi alitulia, na siku ile hakuna aliyefika mbali kama yeye.

Hadithi yangu imezama hapo. Anayeitaka na apige mbizi.