Kata Isiyoshushwa

Mama mmoja wa mlimani alirithi kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi, kutoka kwa mama mkwe wake, na pamoja na kilabu alirithi ukuta. Jina lake Aikande. Mnaoona pombe ni dhambi nivumilieni kidogo, maana habari hii haihusu pombe. Kilabu chenyewe hakikuwa na cha kuringia: bati kuukuu, benchi sita za mbao, na pipa la mbege kwenye kona limefunikwa kwa majani ya migomba. Ukuta ndio uliokuwa na mambo. Ulipigiliwa vigingi kutoka mlangoni hadi dirishani, na kwenye kila kigingi ilining'inia kata, kile kibuyu cha kunywea chenye mkono mrefu, na kila kata ilikuwa na mwenyewe. Mtu akiingia, kabla hata hajasalimia watu vizuri, alikwenda ukutani akashusha kata yake. Akiondoka aliisuuza akairudisha.

Mama mkwe, Bibi Ndeanka, alimwachia sheria moja. Saa kumi na moja jioni, watu wakishamaliza kata ya kwanza, mwenye kilabu anautazama ukuta. Kata ambayo haijashushwa inatajwa kwa jina la mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, na aliye jirani yake anainuka kwenda kumwangalia. Mpaka jirani arudi na habari, hakuna anayechotewa kata ya pili. Awe mwenyekiti wa kijiji, awe mgeni kutoka mjini, atakaa na kata tupu mkononi. Mara nyingi habari ilikuwa ya kawaida: fulani kaenda kumsalimia binti yake, fulani ana mafua, fulani kagombana na mke wake anaona haya kutoka. Mara nyingine haikuwa ya kawaida, na kilabu kizima kiliinuka kikaenda. Bibi Ndeanka hakueleza kamwe sababu ya sheria hiyo. Watu wa zamani walikuwa na ubaya huo; walikukabidhi ufunguo bila kukwambia ni wa mlango upi.

Basi dunia ikageuka, kama ilivyo ada yake. Barabara ya lami ikapanda mpaka juu, na kando yake zikaota baa zenye bia baridi na televisheni ya mpira. Vijana wakashuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na walioshuka hawakupanda tena ila kwa Krismasi na kwa misiba. Waliobaki wakazoea kununua pombe kali dukani na kuinywa nyumbani, mlango umefungwa. Wazee wakafa mmoja mmoja, na kwa desturi kata ya marehemu ilivunjwa kaburini pake. Vigingi arobaini na viwili vikabaki na kata kumi na moja. Aikande alifagia sakafu ambayo haikukanyagwa, akamwaga mbege iliyochacha, akapika nyingine, akaimwaga nayo. Alilia, tena si mara moja. Kilabu kile ndicho kilichosomesha wanawe, na mama mkwe alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe akiwa kitandani mwa mauti. Kukifunga aliona ni kumzika yule mama mara ya pili.

Mtu akiharibikiwa hutafuta mchawi, na Aikande alimpata karibu. Siku moja waliingia mafundi watatu waliokuwa wakijenga zahanati, watu wageni, wenye kiu na maneno mengi. Wakanywa kata ya kwanza wakaisifu. Walipotaka ya pili, Aikande alitazama ukuta, akataja jina la mzee mmoja, na jirani yake akachukua fimbo akatoka. Mafundi wakaambiwa wasubiri. Walisubiri nusu saa. Mzee mwenyewe alikutwa amelala, kashiba viazi, anakoroma. Mafundi walicheka hadi machozi, wakaondoka, na kesho yake walionekana kwenye baa ya barabarani. Tangu jioni ile Aikande aliutazama ukuta kwa chuki. Alisema moyoni kwamba ukuta ndio unaokula kilabu chake.

Sasa sikilizeni alichofanya, kwa maana hakuwa mjinga wala mvivu. Alinunua chupa za plastiki, akatoboa vifuniko kidogo ili mbege ipumue, akabandika kila chupa karatasi yenye picha ya mgomba. Akamwajiri dereva wa bodaboda aliyeitwa Aminirabi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, mwenye adabu zake. Mbege ikawa inamfuata mnywaji nyumbani kwake. Wale wazee kumi na mmoja walimtania sana. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini masika ilipoanza, na vijia vya mlimani vikawa utelezi mtupu, walinyamaza wakapokea chupa, na magoti yao yakashukuru. Oda zikaja hata kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga kilabuni: walimu, nesi, na mzee wa kanisa mmoja aliyesema ni ya mgeni wake, na mgeni huyo alikaa miezi mitatu. Pipa moja likawa mapipa matatu. Aikande akasema kilabu kimepona, na mtu yeyote angesema hivyo.

Kwa kuwa hapakuwa na anayekuja, kata hazikuwa na kazi. Siku moja alizishusha zote, akawa anazitia guniani ili chumba kiwe ghala la chupa. Mzee Ndesario alimkuta katika kazi hiyo. Ndesario alikuwa mgane, akiishi peke yake juu ya korongo, wanawe wote wako mbali. Kwa miaka zaidi ya thelathini jina lake halikuwahi kutajwa jioni ila mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mgonjwa kweli. Alisimama mlangoni na fimbo yake akaitazama kata yake ikiingia guniani. Ilikuwa kata ya zamani, yenye ufa alioushona mwenyewe kwa waya mwembamba.

"Mwanangu," akauliza, "na siku nisipokuja, utajuaje?"

Aikande akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha upendo. "Baba, pumzisha miguu. Huna haja ya kuja tena, itakufuata yenyewe huko huko."

Ndesario akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akapanda kwenda kwake. Alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu.

Aminirabi alikuwa mwaminifu, na hilo lisemwe mapema asije akabebeshwa mzigo usio wake peke yake. Kila siku saa kumi alifika kwa Ndesario, akaweka chupa juu ya jiwe bapa nje ya ua uliopandwa masale, akapiga honi mara mbili, akaendelea. Nyumba ishirini na tatu zilimngoja, na mbege ikicheleweshwa juani hufura. Jumatatu moja alikuta chupa ya Jumapili bado iko juu ya jiwe. Akadhani mzee kasafiri. Akaweka ya Jumatatu kando yake, akapiga honi. Jumanne akaweka ya tatu, akazipanga vizuri zisianguke. Agizo lilikuwa kupeleka, naye alipeleka, na jioni akamwambia Aikande kwamba zote zimefika.

Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe kando ya korongo aliona chupa sita zimesimama juu ya jiwe. Mbili zilikuwa zimefurika povu kwenye matundu ya vifuniko, na nyuki walizizunguka. Aliita hodi. Aliita tena. Kisha akavuka ua wa masale akaingia ndani ya kihamba, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba.

Ndesario alikuwa ameteleza akikata mkungu wa ndizi, akavunjika paja. Hakufa siku ile. Hilo ndilo lililowauma watu kuliko kifo chenyewe. Majani ya migomba yaliyolala chini yalionyesha njia aliyojiburuta, kidogo kidogo, na pale alipopumzika alikuwa ameshindilia fimbo ardhini ili asirudi nyuma kwenye mteremko. Alikuwa akiifuata honi. Aliisikia kila siku, maana hata kijiji cha ng'ambo huisikia, lakini sauti yake mwenyewe haikuweza kuipita injini. Kutoka kwenye vidole vyake hadi ua wa masale zilibaki hatua tisa.

Aikande alipofika hakumtazama marehemu kwanza. Alitazama chupa. Alizijua, mkono wake ndio uliozijaza. Alizijaza Jumapili, akazijaza Jumatatu, akazijaza siku zote zile akiimba. Akakaa kwenye tope akashika tama. "Aliniuliza," akasema. Walio karibu hawakuelewa, wakadhani anaweweseka kwa uchungu. Akasema tena, "Jamani, baba huyu aliniuliza."

Siku ya mazishi ilitakiwa kata ya marehemu ivunjwe kaburini. Aikande alikwenda ghalani, akaondoa chupa, akalifungua gunia. Kata ya Ndesario ilikuwa chini kabisa. Ilikwisha kupasuka kwenye ule ufa, chini ya uzito wa nyingine, na waya umekatika. Alibeba vipande kwenye khanga hadi makaburini, akawaonyesha wazee. Hapakuwa na cha kuvunja. Wakavifukia vilivyo.

Baada ya arobaini Aikande alizirudisha ukutani kata kumi zilizobaki. Mbege ya chupa hakuiacha, kwa maana njia zilibaki na utelezi wake na magoti ya wazee hayakurudi ujanani. Lakini alikwenda kwa mchonga vibuyu, akatengenezesha kata kwa kila nyumba inayopelekewa, hata ya yule mzee wa kanisa, na akazitundika vigingini. Akamwambia Aminirabi: kuanzia leo chupa haikai juu ya jiwe, inakwenda mkononi mwa mwenyewe, na ukirudi unashusha kata za wale uliowaona kwa macho yako. Isiyoshushwa itatajwa. Na mpaka habari ije, hakuna chupa ya pili itakayotoka hapa, hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Msidhani watu walimpigia makofi. Dereva alichelewa, kwa sababu kila mlango ulikuwa na salamu, kila salamu na maradhi ya mguu, na kila maradhi na hadithi yake. Wengi walikasirika. Walisema wao walinunua pombe, hawakununua mtu wa kuwachungulia. Nusu ya nyumba zikahamia kwa mwingine aliyeanza biashara ile ile bila ukuta, na mapipa matatu yakarudi kuwa moja. Bati linavuja. Jioni wanakaa wazee watatu, siku nyingine wawili, wameshika kata tupu, wanamsubiri Aminirabi ashuke na habari za wengine. Mimi sitawadanganya kwamba kilabu kile kitapona. Aikande mwenyewe hadhani hivyo. Anasema tu kwamba kikifa, kife kikiwa kinawatazama watu wake.

Kigingi cha Ndesario hakikupewa mtu mwingine. Kila jioni saa kumi na moja Aikande akipitisha macho ukutani, anafika pale na kusimama kidogo, na wazee wanainamisha vichwa, kwa kuwa wote wanajua kwamba kwa siku sita waliletewa chupa zao, wakanywa, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtaja.

Nanyi mnaomtumia mama pesa ya sukari kwa simu kila mwisho wa mwezi, mkapiga honi mara mbili mkaendelea na safari: ya mwezi uliopita, mnajua kama imetoka juu ya jiwe?