Plasta Kwenye Pua ya Shangazi

Wapendwa, leo mtanivumilia, maana sikuja kuwabembeleza.

Kulikuwa na shamba moja la maua, mabanda ya nailoni mpaka mlimani. Kwenye mlango wa banda palikuwa na mashine ya kunusa hewa. Ilivuta mvuke wa dawa ya wadudu, ikautia umeme, ikauachia ukimbie ndani ya mrija mfupi. Chembe nyepesi zilifika kwanza, nzito zikaburuta miguu, na kwa mwendo wao mashine ilijua kama ni sumu au ni manukato ya mtu tu. Ikikuta sumu, inalia, na watu wanarudi nyumbani bila kibarua. Akina mama wachuma maua waliiita Shangazi, kwa kuwa hakosi la kulalamikia.

Asubuhi moja Shangazi akanyamaza. Foleni ikamshukuru Mungu, wengine wakapiga vigelegele. Lakini mama mmoja, ambaye mkamwana wake mjamzito alikuwa wa kwanza kuingia, alitazama juu akaona pua ya mashine imezibwa kwa plasta. Akasimama katikati ya mlango.

Msimamizi akamwambia, "Mama, tupishe. Si unaona iko kimya?"

"Imezibwa pua, italiaje? Nani kaiziba?"

Mnadhani ni msimamizi? Mnadhani ni mwenye shamba? Msimamizi alishangaa kuliko wote. Walioinamisha vichwa ni wale akina mama wa kwenye foleni.

Mmoja akasema, "Dada, ikilia kila siku, watoto watakula nini?"

"Hata kwangu kuna njaa. Lakini huyu ana mimba. Anayetaka kuingia anikanyage kwanza."

Akabandua plasta. Mashine ikalia pale pale. Msimamizi akafunga mlango, na foleni nzima ikamtukana yule mama.

Sisi tunapenda kusema uovu uko kwa wakubwa. Haya. Wazee wa kanisa mmenijia mkitaka niache kuwasema wanaume wanaopiga wake zao, eti ibada imekosa amani. Amani gani hiyo? Alhamisi mama mmoja alipigwa hapa mtaani, na majirani tulisikia. Tulifanya nini? Tuliongeza sauti ya redio, tena ilikuwa inaimba mapambio.

Mkitaka nihamishwe, andikeni barua. Sinyamazi. Mkono uliompiga yule mama ndio uliotupitishia kapu la sadaka leo.