Mpira Uliotua Kwenye Povu

Tegeni masikio, na mwenye kinyaa asogee nyuma, maana hadithi hii inanuka.

Huko Rungwe, kwenye mashamba ya chai, palikuwa na uwanja wa tenisi wa nyasi na wanaume wawili wasiosalimiana. Ambakisye alikuwa na mkono: akiupiga mpira, unasikia upepo tu. Lusekelo alikuwa na miguu: mpira utue popote, yeye keshafika. Mama Tumpale, mwamuzi wao, alikuwa na macho. Akisema umetoka, umetoka.

Desturi ya pale, wanaofika fainali hukata nyasi wenyewe, kila mmoja nusu yake, na hubadilishana upande mara moja tu, mchezo ukikaribia kwisha. Mwaka ule zawadi ilikuwa ng'ombe, mtamba mwenye mimba.

Basi Ambakisye akakata nusu yake, kisha akasugua sabuni ya mche kwenye nyasi za nyuma, kwenye mstari wa chokaa. "Ateleze sasa, huyo mwenye miguu!"

Lusekelo naye akakata yake, kisha karibu na wavu akamwaga mavi mabichi ya ng'ombe, akayafunika kwa majani. "Akaoge, huyo mwenye mkono!"

Wakacheza, wakalingana. Manyunyu yakaanza. Wakabadilishana upande, ikabaki pointi moja ya kuamua.

Lusekelo akakanyaga sabuni, mguu ukapinda, akaanguka huku ameubetua mpira karibu na wavu. Ambakisye akaukimbilia, akaserereka kifudifudi kwenye mavi, lakini mkono ukaurudisha. Mpira ukapaa, ukaenda kutua kule nyuma, kwenye povu. Na chokaa? Imeliwa na sabuni, mstari hauonekani.

Watu wakamgeukia Mama Tumpale. Naye alipoona mavi yamejaa mdomoni mwa mtu, alikuwa ameziba pua na kugeuza uso.

"Umeingia, mama!" akasema Ambakisye, huku anatema.

"Umetoka! Na mguu wangu umevunjika!"

"Nyamazeni! Mnanitia kichefuchefu. Wanaume wazima, na ndevu zenu!"

Kurudia hakuwezekani, mguu umevimba. Mtamba lazima aondoke na mtu siku ileile, na kamba anayo Mama Tumpale. Anawakasirikia hao wawili, na zaidi macho yake mwenyewe yaliyokimbia. Mmoja kafuta mstari, mmoja kamwaga uchafu, mmoja kageuza uso.

Haya, wewe unayecheka hapo: kamba ile ungemkabidhi nani?