Sauti ya Mbuke Iliyopotelea Mpungani

Kwa wiki mbili Mbuke alikuwa akiamia ndege katika shamba la mpunga la mama yake huko Ubaruku. Kweleakwelea walishuka kama mvua ya mawe, naye akawafukuza kwa kupiga kelele tangu alfajiri hadi machweo. Mpunga ulisalimika, sauti haikusalimika. Jumatano asubuhi alipofungua kinywa amwamkie mama yake, ulitoka mkwaruzo kama wa bawaba yenye kutu.

Habari hiyo iliwatia kiwewe wanakwaya wenzake. Jumapili walitakiwa Iringa kwenye mashindano, na ubeti wa tatu wa wimbo wao aliuimba Mbuke peke yake.

Kila mtu akaja na dawa yake. Mama alichemsha tangawizi akatia asali. Jirani alileta kitunguu saumu. Nashoni, mwalimu wa kwaya, aliapa kwamba hakuna kinachoshinda mayai mabichi. Mbuke, mdadisi wa kuzaliwa, alizijaribu zote, na baada ya kila moja aliimba kidogo apate kujua imefanya nini. Kitunguu kilimtoa machozi. Mayai yalimtia kichefuchefu. Tangawizi ilimpasha moto kifua hata akadhani amepona. Akapandisha sauti, ikakatika kama uzi uliooza.

Alhamisi, Mama Damari, muuguzi mstaafu aliyekuwa mwanakwaya mwenzake, alimkuta jikoni akijipima hivyo.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naangalia kama imerudi," Mbuke alinong'ona.

"Ukipanda mbegu, huifukua kila saa uone kama imeota?" Mama Damari akacheka. "Kunywa maji ya vuguvugu, jifukize mvuke. Lakini usiseme. Hata kunong'ona usinong'one, koo linachoka vilevile."

"Mpaka lini, mama?"

"Umeanza tena!"

Mbuke akaufyata ulimi. Chumvi aliiomba kwa kidole, salamu aliziitikia kwa kichwa. Ijumaa alikwenda mazoezini akaketi kwenye benchi la nyuma. Watu walisema mbele yake kana kwamba masikio nayo yamepotea.

"Huyo amekwisha," Veronika, mwanakwaya mwingine, alimwambia mwalimu. "Nipe mimi ubeti."

Nashoni akampa. Maneno yale yalimwasha Mbuke kama upupu, lakini aliketi palepale. Akasikiliza. Miaka sita alikuwa ameimba katika kwaya hiyo bila kuisikia hata siku moja! Aligundua kwamba waimbaji wa besi, wafikapo mwisho wa ubeti wa pili, hushuka taratibu sana, na kwamba yeye siku zote alikuwa akiwakatiza kwa papara.

Jumapili asubuhi, nje ya ukumbi kule Iringa, Mama Damari alimgusa bega. "Sasa jaribu. Chini kwanza."

Ikatoka. Laini, nzima. Veronika, aliyesimama karibu, aligeuka kumtazama.

"Chukua ubeti wako, dada," akasema.

Zamu ilipofika, Mbuke alisubiri besi wamalize kushuka, kisha akaiachia sauti yake. Ikapanda bila kukwaruza, ikaujaza ukumbi mpaka waliokuwa mlangoni wakasogea ndani. Watu wakainuka, vigelegele vikapaa, na mwalimu Nashoni akasahau kupunga mikono. Kwaya ya Ubaruku ikatangazwa ya kwanza, na waliodhani Mbuke amekwisha wakakiri wenyewe kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.